Mjadala: Nelson na Rodney, kuweka mizinga yote omoni (mbele ya meli) kulikuwa kosa?

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu. Kila zikitajwa manowari za Uingereza za kati ya vita kuu mbili, lazima atokee wa kuzibeza Nelson na Rodney. Minara mitatu ya mizinga imesongamana mbele, jengo la nahodha limesukumwa nyuma, na tezi (nyuma ya meli) haina mzinga mkubwa hata mmoja. Mabaharia wa enzi hizo walizifananisha na meli za kubeba mafuta. Mimi nasema zimeonewa.

Mkataba wa Washington wa tarehe 6 Februari 1922 uliweka ukomo: manowari isizidi tani 35,000, mdomo wa mzinga usizidi upana wa inchi 16. Uingereza ilikuwa imeshaagiza meli nne za takribani tani 48,000 kila moja. Zote zikafutwa, ikaruhusiwa kujenga mbili tu, kwa sababu Wajapani na Wamarekani walibaki na zao zenye mizinga ya inchi 16. Sasa Eustace Tennyson d'Eyncourt, aliyesimamia usanifu wa meli za jeshi la majini la Uingereza, amenyang'anywa zaidi ya robo ya uzito, huku akidaiwa mizinga tisa ya inchi 16 na deraya (bamba za chuma za kuikinga meli) ya kuhimili makombora ya kiasi hichohicho. Afanyeje?

Kinachokula tani ni urefu wa sehemu inayolindwa. Ukiweka mizinga omo na tezi, una ghala za baruti huku na huku, na bamba nene lazima litandazwe kutoka ya mbele hadi ya nyuma. Ukiikusanya minara pamoja, ukuta unakuwa mfupi, na uzito uliookoa unaupeleka kwenye unene. Ndiyo maana ubavu wa Nelson ulipata chuma cha inchi 14, tena kimelazwa mshazari ndani ya ganda la meli ili kombora lipate kazi ngumu zaidi kukipenya. Hood, meli nyingine ya vita ya Uingereza iliyozidi tani 40,000, ilikuwa na inchi 12.

Na kazi ilionekana. Tarehe 27 Mei 1941 Rodney, ambayo ilikuwa njiani kwenda Boston kufanyiwa matengenezo, iligeuzwa kwenda kuikabili Bismarck, manowari ya Ujerumani, ikiwa pamoja na King George V, manowari mpya zaidi ya Uingereza. Ikaanza kupiga saa 2:47 asubuhi. Kabla saa moja haijaisha, mizinga yote mikubwa ya Bismarck ilikuwa kimya.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, hesabu ya deraya siipingi. Ila vita havipiganwi kwenye karatasi ya msanifu. Mnara wa tatu wa Nelson haukuweza kupiga mbele wala nyuma, ubavuni tu. Ukiugeuza kidogo kuelekea nyuma, mshindo unawarudia maofisa wako walio juu kwenye jengo la kuongozea. Hiyo siku ya Bismarck unayoisifia, Rodney ilijiumiza yenyewe: mbao za sitaha ziling'oka na mabomba yakapasuka kwa mtikisiko wa mizinga yake. Halafu lile jengo refu la nyuma lilishika upepo kama tanga, meli ikawa ngumu kuongoza.

Tazama pia Wafaransa waliofuata mtindo huu kwa manowari yao Dunkerque, mizinga minane yote mbele. Tarehe 3 Julai 1940, Waingereza walipowashambulia kwenye bandari ya Mers-el-Kébir, Algeria, Dunkerque ilikuwa imefungwa bandarini omo ikitazama nchi kavu na tezi ikitazama bahari alikokuwa adui. Meli isiyo na jino nyuma inakamatwa hivyo. Waingereza wenyewe, walipojenga King George V, walirudisha mizinga tezi. Kama wazo lilikuwa zuri, mbona waliliacha?

Mleta mada:

Hoja ya mnara wa tatu naikubali, hiyo ndiyo gharama halisi ya mpango huu. Ya Mers-el-Kébir siikubali. Kwenye safu hiyohiyo ilikuwepo Bretagne, yenye mizinga omo na tezi, na ndiyo iliyolipuka ikazama na karibu watu elfu moja. Strasbourg, pacha wa Dunkerque, ilitoka bandarini ikaokoka. Waliponzwa na kukutwa wamefungwa gatini.

King George V nayo ilikuwa na mizinga ya inchi 14, na mbele ya Bismarck mnara wake wa kwanza wenye mizinga minne ulikwama kwa karibu nusu saa. Na wanaolaumu mwendo wa Nelson, maili 23 za baharini kwa saa, wakumbuke Colorado ya Marekani ilikwenda 21. Zile manowari kongwe za Uingereza za aina ya R, zilizoletwa Kilindini mwaka 1942 baada ya Wajapani kupiga Ceylon (Sri Lanka ya leo), zilikuwa na mizinga huku na huku, lakini hakuna aliyethubutu kuzipeleka mbele ya Wajapani. Nelson ilikanyaga bomu la baharini Desemba 1939, ikapigwa topido ya ndege Septemba 1941, na mara zote mbili ikarudi kazini.

Mchangiaji wa pili:

Wote mmeisahau North Carolina, manowari ya Marekani. Tani 35,000 zilezile za mkataba, mizinga tisa ya inchi 16, minara miwili mbele na mmoja nyuma, tena maili 27 kwa saa. Iliwezekana.

Mleta mada:

Iliwezekana mwaka 1937, mkuu, kwa boila na mitambo ambayo d'Eyncourt hakuwa nayo mwaka 1922. Na bei yake ilikuwa deraya. Ubavu wake ni inchi 12, na ulipigiwa hesabu ya makombora ya inchi 14, kwa sababu meli ilisanifiwa kwanza kwa mizinga ya inchi 14 kisha wakabadili. Isingeweza kuhimili makombora ya mizinga kama yake yenyewe. Nelson ilipangwa iweze. Anayesema mizinga ingegawanywa omo na tezi anionyeshe, kwa mitambo ya mwaka 1922, ni inchi ngapi za chuma angekubali kuzikata ubavuni.