Kijisanamu cha Dolní Věstonice: kukata, kumulika au kupiga CT?

Kigae_Mkavu: Wadau, nisaidieni. Kuna kijisanamu cha mwanamke kilichookotwa Dolní Věstonice, Moravia (Jamhuri ya Cheki ya leo), tarehe 13 Julai 1925, katika uchimbaji wa mwanaakiolojia Karel Absolon. Urefu wake milimita 111 tu, umri zaidi ya miaka 25,000. Miaka mingi watu waliandika kwamba udongo wake ulichanganywa na unga wa mifupa. Wa kuthibitisha hilo angeanza na njia ipi: kukata kipande na kukitazama kwa hadubini, kumulika kwa kifaa cha eksirei kinachosoma elementi, au CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya kitu bila kukikata?

FundiMaabara: Kumulika ni rahisi na hakuharibu kitu, ila kunasoma ngozi ya juu tu. Hicho kijisanamu kilikutwa kwenye majivu ya jiko, kimevunjika vipande viwili. Ukiona fosforasi utaapaje kwamba ni mfupa uliokandwa ndani na si uchafu wa majivu? Mimi mwenyewe niliwahi kushangilia kalsiamu nyingi kwenye kigae, kumbe ni chokaa ya ukutani iliyokidondokea stoo. Nilinyamaza wiki nzima.

Mama Nuru: Basi CT. Mwaka 2004 walikipiga, ikaonekana alama ya kidole cha mtoto, umri ukakadiriwa miaka 7 hadi 15.

FundiMaabara: Tamu hiyo, dada, lakini haijibu swali. CT inakuonyesha punje na nyufa zilivyokaa ndani. Punje nyeupe ni mfupa au ni chokaa? Hapo unabaki kukisia.

Mzee wa Vyungu: Mnasahau vigae vilivyovunjika. Eneo lile lina maelfu ya vipande vya udongo uliochomwa. Kijisanamu chenyewe hakiguswi, ila kipande kisicho na sura kinakatwa na kusuguliwa hadi milimita 0.03, mwanga upenye, na mfupa ukiwemo unajionyesha wenyewe. Mtafiti Pamela Vandiver na wenzake walivichunguza vipande hivyo wakatoa matokeo 1989: udongo ni loesi ya palepale, lile vumbi laini lililoletwa na upepo enzi za barafu, na ulichomwa kwa nyuzi za Selsiasi 500 hadi 800 hivi. Hadithi ya unga wa mifupa ikakosa pa kusimama. Kura yangu ni kukata.

Mjukuu_wa_Ikombe: Mimi nimeshikwa na jambo jingine la utafiti huohuo. Vipande vingi vina nyufa za mshtuko wa joto, na wao wanasema loesi haipasuki ovyo, kwa hiyo huenda watu walivitia motoni vikiwa vibichi makusudi, vilipuke. Bibi yangu alifinyanga vyungu Ikombe, Ziwa Nyasa. Chungu kibichi kikiingia motoni, mlio wake unausikia ukiwa uani, na hakuna aliyecheka.

Mzee wa Vyungu: Makusudi? Mimi naona mikono ya wanagenzi. Mtoto mwenye alama ya kidole hakosekani hapo.

Mjukuu_wa_Ikombe: Mkuu, mwanagenzi huharibu vichache kisha akachapwa. Haharibu maelfu.

Kigae_Mkavu: Nimeelewa, vipande vikatwe, kijisanamu kibaki na CT. Lakini Mjukuu, bibi alijuaje chungu kimekauka?

Mjukuu_wa_Ikombe: Alikiweka shavuni. Kikiwa na ubaridi, kinarudi kivulini.