Kuzamia kwa mtungi wa hewa siku moja: Malindi, Watamu au Lamu?

Kombe_Safi: Salaam wanabaraza. Nina siku moja tu mwezi Februari. Cheti changu ni cha mwanzo, mwisho mita 18. Nataka matumbawe, samaki, na kasa akijaliwa. Niende wapi?

MwanaMalindi: Mimi wa hapa hapa na sitakuficha: kwa mtungi, teremka Watamu. Hifadhi zote mbili za bahari, yetu na ya Watamu, zilitangazwa mwaka 1968, lakini sisi tuna mto Sabaki ubavuni. Mvua ikinyesha bara, mto hushuka na udongo, na kaskazi huusukuma kusini, kwetu. Februari mto huwa umepungua, ila Watamu bado inatushinda. Malindi njoo na miwani na mrija, maji yamekupwa. Pono na tasi utawaona bila jasho, na mama yako asiyejua kuogelea akae ndani ya boti ya kioo.

Dada_Amu: Huku Amu, yaani Lamu, msituhesabu kwa mitungi, si shughuli yetu kubwa. Raha yetu ni kisiwa kidogo cha Manda Toto: jahazi asubuhi, kuchungulia samaki, kisha changu wa kuchoma na wali wa nazi. Hifadhi ya Kiunga (1979) ndiyo yenye sifa, lakini iko kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Somalia. Kwa siku moja usijisumbue.

Mzee_Nahodha: Mnataja mahali tu, mwezi hamuutazami! Mdomoni mwa hori ya Mida, hapo Watamu, kuna mapango wanamokaa tewa, samaki mzito kuliko mtu. Lakini siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, mkondo pale haukamatiki; ngoja maji mafu, mkondo ukiwa mpole. Mwenye cheti cha mwanzo apelekwe mwamba wa nje, mapango ayaache.

Pweza_Mpole: Kombe, usitarajie rangi za kwenye kalenda. Joto la bahari la 1998 lilipausha matumbawe pwani nzima na mengi yakafa. Yamerudi kiasi, hayajalingana kila mahali. Mimi ningekwenda kwa ajili ya samaki: ndani ya hifadhi hawavuliwi, kwa hiyo utakuta chewa wakubwa wasiokimbia mtu. Samaki mkunga akichungulia tunduni, mwache.

Kombe_Safi: Nimeshawishika, Watamu. Nazamia mara mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni napanda ndege Malindi kurudi Nairobi.

Pweza_Mpole: La hasha! Ukizamia zaidi ya mara moja, ngoja angalau saa 18 kabla ya kuruka. Mwili bado una naitrojeni, na ndege ikipaa hewa hiyo hutoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo. Lala Watamu.

Kombe_Safi: Basi nabadilisha tikiti. Mzee, hayo maji mafu nitayajuaje?

Mzee_Nahodha: Hesabu tangu mwezi kuandama, mwanangu. Siku ya nane mpaka ya kumi hivi maji huwa mafu. Kisha mpigie mwenye boti umuulize saa ya kujaa, maana maji yakijaa ndipo huingia safi kutoka nje.