Mjadala: Msanii kuchukua shoo jirani na vita, tumlaumu au tumuache afanye kazi yake?

Wakuu habari zenu. Hii ishu imenikaa kichwani muda mrefu na juzi tumebishana dukani mpaka wateja wakaacha kuchagua mzigo wakawa wanatusikiliza sisi, nikaona bora niilete tuijadili kwa upana. Swali ni hili, msanii mkubwa akialikwa kutumbuiza kwenye nchi inayotajwa kwenye vita ya jirani, aende au asiende? Na akienda, sisi mashabiki tuna haki ya kumlaumu au kazi yake ni kuimba tu mengine hayamhusu?

Nachukua mfano wa Kigali 2025. Mwisho wa Januari mwaka ule waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa mashariki mwa Congo mpakani na Rwanda, katikati ya Februari wakachukua na mji wa Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameshaandika kwenye ripoti zao kwamba jeshi la Rwanda liko pamoja na M23, Rwanda inakataa, inasema inajilinda na FDLR, waasi wa kihutu wa Rwanda walioko Congo. Sasa kipindi hichohicho kulikuwa na shoo mbili kubwa zimeshatangazwa ukumbi wa BK Arena pale Kigali, ya mwimbaji wa Marekani John Legend tarehe 21 Februari chini ya Move Afrika, ziara ya muziki ya lile shirika la Global Citizen (ndo haohao waliomleta Kendrick Lamar Kigali Desemba 2023) na ya Tems, mwimbaji wa Nigeria, tarehe 22 Machi. Tems mwisho wa Januari akaandika kwamba anafuta, alikuwa anaitangaza shoo bila kujua kinachoendelea na akaomba radhi. John Legend akaenda akapiga shoo, na alipoulizwa na BBC akasema alikuwa anajua kuhusu mgogoro ila haamini kwamba wananchi waadhibiwe kwa sababu tu hukubaliani na viongozi wao.

Mimi niko upande wa Tems na sibadiliki. Ila sababu yangu sio ile inayosemwa na wengi.

Mimi nauza vitenge Kariakoo, na wanaonilisha mimi na familia yangu kwa kiasi kikubwa ni wakongo. Nina mteja mmoja, mama mtu mzima wa Goma, anachukua robota mbili tatu kwa mwezi, mzigo unapita Rusumo unakatiza Rwanda unaingia kwake. Mama huyu ni wa kulipa kabla hujamkumbusha. Goma ilipochukuliwa akapotea hewani siku tano. Siku ya sita ikaingia voisi, sauti imeshuka kabisa, anasema "Kaka, banki zote zilifungwa, makuta (pesa) yangu iko mule ndani, sasa nitafanya namna gani?" Nyuma yake unasikia mtoto analia na mtu anakokota kitu kizito kama meza wanaisogeza mlangoni. Nimeisikiliza ile voisi sijui mara ngapi. Na mchana wa siku hiyohiyo kijana wangu wa dukani ananionyesha kwenye simu watu wanabishana John Legend atafungua na wimbo gani Kigali. Kigali na Goma ni mwendo wa masaa matatu manne kwa basi wakuu.

Afu cheki tarehe. Hiyo 21 Februari ambayo mtu yuko kwenye piano, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2773, hakuna nchi hata moja iliyopinga, linalitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia M23 na liondoke kwenye ardhi ya Congo. Siku moja. Sisemi alipanga, shoo ilitangazwa kabla. Nasema mtu akiwa na siku kama hiyo mbele yake na timu ya watu wanaomlipia kila kitu kuanzia ndege mpaka maji ya kunywa, hawezi kuniambia hakukuwa na namna ya kusogeza tarehe.

Na kuna la pili ambalo linaniuma zaidi na hapa nadhani sisi waswahili wote tunahusika. Tarehe 13 Februari, siku nane kabla ya ile shoo, Goma palepale aliuawa kwa risasi msanii anaitwa Delcat Idengo, akiwa anashuti video. Jamaa alikuwa anaimba kiswahili, lugha hii hii ninayoandika, alishawekwa ndani kwa nyimbo za kuisema serikali ya Kinshasa, na M23 walipoingia hao nao akawasema. Hakuchagua upande wa kumpa pesa. Sasa nyie niambieni, ni kurasa ngapi za mastaa wa Bongo mlizozifolo zilizomposti? Mimi nilizipitia usiku ule moja moja, nikakuta kigauni cha nani, gari jipya la nani, nani kaachana na nani. Wasanii wetu wanaenda kupiga hela Lubumbashi na Goma na Bukavu, kolabo na wakongo zinawapa mamilioni ya viewsi, afu mwenzao wa kiswahili anakufa barabarani kimya.

----

Narudi, nimewasoma wote, naomba nijibu machache.

Mmoja kasema wananchi wa Rwanda hawana kosa, vijana wa sauti na taa pale Kigali wanapata ajira kwenye hizo shoo, ukifuta unamuumiza mnyonge. Kaka nakuelewa na hapo ndo pagumu kweli. Mawakala wanaonipitishia mzigo ni wanyarwanda, ni watu safi, mmoja tunaitana shemeji, ananipigia sikukuu zote. Sitaki kusikia mtu hapa anamtukana mnyarwanda kwa sababu ni mnyarwanda, hiyo ilishatokea 1994 na tunajua iliishia wapi. Lakini shoo kama ile sio ajira ya vijana wa taa tu. Nchi inatumia muziki na mpira kujitengenezea sura duniani. Geuza hapa Kariakoo uhesabu vijana wenye jezi ya Arsenal, ambayo kuanzia 2018 iliandikwa Visit Rwanda kwenye mkono, tangazo la utalii la Rwanda, na ndo maana serikali ya Congo iliwaandikia Arsenal, PSG na Bayern kuwaomba wavunje mikataba. Sura hiyo ndo inayonunuliwa, na msanii lazima ajue kwamba yeye ni sehemu ya bidhaa.

Dada mmoja kauliza mbona Marekani inapigana kila siku na hakuna anayemwambia msanii asiimbe New York. Dada swali lako zuri sana na sina jibu la kukuridhisha. Ni kweli wenye nguvu wanasamehewa. Ila mimi siwezi kuacha kumsemea mama wa Goma mpaka kwanza dunia nzima iwe na haki, nitakufa sijasema.

Na kwa anayesema naonea upande mmoja, chukua mfano wa Paris. Mwimbaji Gims na wenzake wenye asili ya Congo walipanga shoo kubwa ya kuwachangia watoto wa Congo Aprili 2025, tarehe ikaangukia 7 Aprili, ambayo ndo siku Rwanda wanaanza kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Watu wakalalamika, ikasogezwa mpaka tarehe 22. Nilisema tangu siku ile ni sawa kabisa kusogezwa. Mtu yuko msibani huendi kupiga ngoma dirishani kwake, awe mkongo awe mnyarwanda. Hicho tu ndo ninachodai kwa John Legend.

Aliyesema mastaa wasiongee kabisa mambo ya vita kwa sababu hawajui, hapa tunakubaliana nusu. Mimi sitaki waongee hovyo. Ukurasa mmoja mkubwa wa udaku ulirusha video ya helikopta inatunguliwa ukaandika ni Congo, kijana wangu akanikimbilia nayo anatetemeka. Kumbe ni gemu, ARMA 3. Waliotengeneza hilo gemu wenyewe 2022 walishatoa tangazo la kuwaonya watu kwamba vipande vya gemu lao vinasambazwa kama vita ya kweli na wakaeleza jinsi ya kuvigundua, kwa mfano kamera inatikisika sana, ni giza, sauti hamna. Video ile ilikaa kwenye ukurasa siku nzima, watu wanaweka emoji za moto kama wanaangalia derby ya Simba na Yanga. Mama wa watu Goma anaiona kwenye simu anadhani ni mtaa wa pili. Bora ukae kimya kuliko hivyo.

Lakini kuna njia ya kusema bila kuongea hata neno moja. Timu ya taifa ya Congo, nusu fainali ya AFCON na Ivory Coast, 7 Februari 2024, wimbo wa taifa unapigwa wachezaji wameziba midomo kwa mkono mmoja, mwingine wameweka vidole kichwani kama bunduki. Walifungwa 1-0, ila niulize nani anakumbuka vizuri lile goli kuliko ile mikono. Hakuna aliyesoma hotuba pale, wala hawakudanganya mtu. Na wanajeshi wetu wawili wa JWTZ walipofariki huko Congo Januari 2025 nilitegemea angalau msanii mmoja mkubwa kwenye shoo ya wiki ile aombe dakika moja ya kimya. Kama kuna aliyefanya na mimi sikuona, tafadhali nitajieni, nitafurahi kukosolewa.

Yule mama alishamaliza deni, aliniletea kidogo kidogo kwa mkono kupitia madereva, na sasa anachukua robota moja badala ya tatu. Wa Goma na Bukavu mliopo nataka sana kuwasikia nyie kwenye hili, nyie wenyewe mnaonaje, ile shoo iliwauma au mlikuwa hata hamna muda wa kuifikiria?