Tupeane uzoefu: Mechi ya Taifa Stars ambayo hujaisahau, ulikuwa wapi?

Mtoto wa Temeke

Wakuu, salaam. AFCON ya 2027, fainali za mataifa ya Afrika, inachezwa kwetu Tanzania, Kenya na Uganda. Kabla haijafika naomba tukusanye kumbukumbu zetu wenyewe. Matokeo yameandikwa kila mahali. Mimi nataka kujua ulikuwa wapi, na nani, na siku ile ilikuachia nini.

Naanza. 24 Machi 2019, Uwanja wa Taifa, kabla haujaitwa Benjamin Mkapa. Nilikuwa na miaka 31 na sijawahi kuiona Stars ikicheza fainali za Afrika. Novemba kabla ya hapo tulifungwa 1-0 na Lesotho kule Maseru, nikaona basi, tumeshaharibu. Ikabidi tuifunge Uganda, halafu Lesotho isishinde ugenini Cape Verde. Kwa hiyo jukwaani tulikuwa na mechi mbili kichwani. Mtandao ulielemewa, simu hazifungui kitu. Nyuma yangu alikaa kijana ana nduguye nyumbani anayempigia kila baada ya dakika chache. Kila simu ikiita, safu yetu nzima inageuka kumwangalia usoni.

Msuva akafunga. Kipindi cha pili Erasto Nyoni akaweka penalti, Aggrey Morris akamalizia kwa kichwa, 3-0. Simu ya yule kijana ikaita tena. Akasikiliza, akakaa chini, akaanza kulia. Cape Verde 0, Lesotho 0. Watu nisiowajua walinikumbatia hadi kofia ikapotea. Miaka 39 tangu fainali za Lagos 1980!

Karibuni.

Mnyamwezi wa Urambo

Mwanangu, umenirudisha mbali. Agosti 1979, nipo darasa la sita, kijijini kwetu kwenye tumbaku. Kaka yangu mkubwa alikuwa bado Uganda na jeshi. Redio ya mbao ya baba ilikuwa inafunguliwa kwa taarifa ya habari tu, maana betri zilikuwa hazipatikani dukani. Tulikuwa tunazianika juani ziokoteze nguvu kidogo.

Dar tulikuwa tumeifunga Zambia 1-0. Marudiano Ndola, sare inatutosha kwenda fainali hizo za Lagos. Siku hiyo baba alikubali, wanaume kama ishirini wakajaa uani. Zambia wakapata bao. Sasa ni 1-1 kwa jumla, dakika zinakwenda, na sauti ya mtangazaji inafifia. Mzee mmoja alishika redio kifuani kama mtoto mchanga, ati joto la mwili litazisaidia betri. Zikafa kabisa.

Tukatoka mbio kwenda kwa mwalimu mkuu, kama nusu maili, watoto mbele. Hatujafika, tukasikia ukelele kutoka kwake, halafu debe linapigwa. Peter Tino kasawazisha dakika za mwisho. Kwa hiyo bao lile kubwa kuliko yote katika maisha yangu sikulisikia likitangazwa. Nililisikia kwenye koo za watu. Baba alisimama pale njiani akasema, "Laiti kaka yako angekuwepo." Mwaka uliofuata alirudi mzima, na kitu cha kwanza kunisimulia ni kwamba huko waliko walikuwa wameisikiliza mechi yote, betri za jeshi haziishi.

Mama Jezi Chang'ombe

Shikamoo mzee. Mimi langu ni la uchungu, na la biashara.

Kabla kocha Marcio Maximo hajaja 2006 nilikuwa nauza jezi za Simba na Yanga, za Stars hakuna aliyeziuliza. Yule Mbrazili aliwabadilisha watu. Burkina Faso tuliwafunga hapa 2-1, tukawafuata kwao tukawafunga 1-0, bao la Erasto Nyoni. Senegal tukatoka nao 1-1 Mwanza. Akina mama walikuja kununua bendera za kufunga watoto mgongoni, nasema nilichokiona kwa macho yangu.

8 Septemba 2007, Msumbiji wanakuja kwenye uwanja mpya. Nilipokea upatu wangu wote nikauingiza kwenye jezi na bendera. Asubuhi niliuza vizuri. Mzigo mkubwa niliuweka wa baada ya mechi, wa kusherehekea. Nikiwa nje ya geti nilisikia uwanja umenyamaza. Watu 60,000 wakinyamaza, mwili unasisimka. Msumbiji 1, sisi 0, na matumaini ya kwenda AFCON ya Ghana 2008 yakaishia pale. Watu walitoka wameinamisha vichwa, wananipita kama sipo. Mzigo ulidoda miezi. Upatu niliurudisha kwa kuuza cherehani yangu.

Jezi mbili za siku ile nilizihifadhi. Machi 2019 mwanangu alivaa mojawapo uwanjani. Labda mlikaa jukwaa moja.

Kijana wa Ujiji

Novemba 2015, bandaumiza la kwetu, banda la kutazamia mpira, kiingilio mia tano. Algeria hao, na Riyad Mahrez wao. Elias Maguli akafunga, Samatta akafunga, 2-0! Mwenye banda aligawa maji bure. Halafu Slimani mara mbili, 2-2. Siku tatu baadaye kwao, 7-0. Ile ya saba sikuiona, nilikuwa nimeshatoka natembea kando ya ziwa.

Mswahili wa Kisauni

Jirani zangu, niruhusuni na mimi Mkenya. Juni 2019, mechi yetu na nyinyi kule Cairo. Dada yangu ameolewa na mtu wa Tanga, na siku hiyo walikuwa wamekuja Mombasa, tukakaa sebuleni kwa mama. Msuva akafunga mapema, shemeji akainuka. Olunga akasawazisha, nikainuka mimi. Sijakaa sawa, Samatta amefunga! Kipindi cha pili Omolo, kisha Olunga tena, 3-2 kwetu.

Nilishangilia sana, kisha nikamtazama shemeji. Alikuwa ameshika glasi ya maji, hanywi. Akasema, "Tumengoja miaka 39, nilitaka ushindi mmoja tu." Furaha yangu ilipungua nusu. Mama alituwekea chakula na hakuna aliyetaja mpira mpaka wakaondoka.

Dereva wa Tunduma

Shemeji wa Tanga alisema kweli, ushindi mmoja tu. Mimi niliuona unakuja.

21 Januari 2024, AFCON, sisi na Zambia, nipo kwenye foleni ya malori Tunduma, nasubiri kuvuka kwenda Nakonde. Tulitazama kwenye mgahawa wa mpakani, nusu Watanzania nusu Wazambia, meza zimechanganyika maana tunafahamiana wote kwa njia hii. Msuva dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki kumi. Nikawa nahesabu dakika kwa vidole chini ya meza. Dakika ya 88, kona, Patson Daka, kichwa. 1-1.

Mzambia niliyekaa naye, dereva mwenzangu wa miaka mingi, hakupiga kelele. Alinishika bega. Baadaye akaniambia babake alikuwa Ndola mwaka 1979, na nyumbani kwao jina la Peter Tino lilikuwa halitajwi. Mzee wa Urambo, kwa hiyo deni lako nimelilipa mimi.

Binti Kikwajuni

30 Desemba 2025, AFCON ya Morocco, kipindi cha pili ndiyo kwanza kimeanza, Fei Toto (Feisal Salum) anawasawazishia Tunisia. Mtoto wetu wa Unguja! Baraza zima tulipiga kelele mpaka bibi akatoka kuuliza nani kafa. Pointi mbili tu, sare na Uganda na sare hii, na kwa mara ya kwanza tukavuka makundi. Morocco walitutoa 1-0, bao la Brahim Díaz. Sikulia. Wenyeji, na mechi ilikuwa yetu pia.

Mnyamwezi wa Urambo

Dereva, nimesoma yako mara tatu. Msalimie sana huyo mwenzako wa Nakonde. Mwambie sisi pia tuliona machungu 1980: Nigeria 3-1, Misri 2-1, sare ya 1-1 na Ivory Coast, tukarudi. Mechi 13 za fainali mpaka leo, sare tano, ushindi bado.

Na mwanangu wa Temeke, umeuliza siku ile ilituachia nini. Mimi iliniachia jina la mtu. Kaka yangu alimwita mwanawe wa kwanza Tino. Sasa Tino huyo ana nywele nyeupe, na ameniambia 2027 tunapanda basi pamoja kwenda Dar. Mama Jezi, tuwekee mbili.