Hivi leza inaweza kushika seli hai kweli au tunapigwa?

SlaidiNene: Wakuu habarini. Mi nasoma maabara, kuna jamaa kanirushia klipu ya chembe nyekundu ya damu inavutwa huku na huku mpaka inarefuka, ikiachiwa inarudi duara lake. Pembeni vipira viwili tu vimeinasa, hakuna sindano wala nini, eti vinavutwa na mwanga. Mi nimezoea kusoma slaidi na kuhesabu vimelea, hii naona kama animesheni. Na kama ni kweli mbona seli haiungui?

mzee_wa_lenzi: Ni kweli mkuu. Aliyeanzisha aliitwa Arthur Ashkin wa maabara za Bell Labs kule Marekani, mtego wa mwali mmoja, yaani kunasa kitu kwa leza moja tu, yeye na wenzake waliutoa 1986, Nobel ya fizikia kaja kupewa nusu yake 2018 ana miaka 96, fikiria. Mwanga una msukumo, mdogo mno ndo maana tochi haikusukumi. Sasa leza ukiipitisha kwenye lenzi kali, kama ile ya hadubini ya kukuza mara mia mnayowekea oili, inajikusanya nukta moja. Kipira kikitoka kidogo kwenye hiyo nukta kinaupinda mwanga, na mwanga kwa kupindishwa unakirudisha kati, basi ukihamisha nukta na kipira kinafuata.

Bi Chembe: Kuhusu kuungua umeuliza la maana. Ashkin mwenyewe alianza na leza ya kijani, bakteria wakawa wanamfia mkononi. Akahamia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, mwaka 1987 hiyo, wakaishi na wakazaana humohumo mtegoni. Siku hizi wengi wanatumia infraredi ya urefu wa wimbi nanomita 1064, maji na seli hazili sana mwanga huo. Ukizidisha pawa bado utaua lakini.

SlaidiNene: Aisee 😳 sawa nimeelewa, ila faida yake nini zaidi ya kuchezea seli?

mzee_wa_lenzi: Kupima! Ule mtego unafanya kazi kama springi, kipira kikisogea umbali fulani kutoka kati unajua kimevutwa kwa nguvu kiasi gani. Tunaongelea pikonyutoni, yaani nyutoni moja igawe kwa milioni halafu igawe tena kwa milioni. Ndo walivyoiona kinesini, ile protini inayobeba mizigo ndani ya seli, inapiga hatua za nanomita nane nane hivi, hatua moja moja unaiona kwenye grafu.

Bi Chembe: Na kwa malaria ndo utaipenda. Chembe nyekundu isiyo na kimelea ina upana wa maikromita 7 au 8 na inajikunja kupita mishipa myembamba kuliko yenyewe. Ikiingiwa na falciparum, kimelea cha malaria, inakakamaa kadiri kimelea kinavyokua, wamezivuta hivyohivyo kwa vipira wakakuta zile za hatua za mwisho zimekuwa ngumu hata mara kumi. Hapo ndo unaelewa kwa nini zinaziba mishipa, ingawa kunata kwenye kuta za mishipa nako kunachangia sana.

SlaidiNene: Kwa hiyo kuna siku tutapimia wagonjwa?

Bi Chembe: Sidhani mdogo wangu, unashika chembe moja moja, foleni yote ile ya wagonjwa utaimaliza lini? Endelea na Giemsa yako, rangi ya kupakia slaidi.