MREJESHO: Muziki wa kufungulia dansi harusini, Dodoma

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini mimi na mchumba wangu tunapotezana hatua tukifanya mazoezi ya waltz sebuleni, hapa Kisasa. Mlisema tatizo ni wimbo, miguu haina kosa. Nilibisha, nisameheni.

Nilikaa na saa ya simu nikahesabu. Wimbo niliokuwa naung'ang'ania una mapigo manne, na waltz inataka matatu: MOJA-mbili-tatu. Ndiyo maana kila mara mguu mmoja ulibaki unaning'inia! Nikatafuta mwingine, ile "moja" nzito ikaangukia mara 29 kwa dakika. Mlisema 28 hadi 30, basi umo. Siku ya pili tu mwenzangu akaacha kunikanyaga.

Dansi ya cha-cha haikusumbua.

Kasheshe ilikuwa rumba. Mimi nikisikia rumba akili inakimbilia Kongo, kumbe ile ya ukumbini asili yake Kuba na inatembea taratibu, ile "moja" yake kama mara 25 hadi 27 kwa dakika. Nikang'ang'ania ya Kongo hivyo hivyo (ukweni wanaipenda, ningefanyaje?), kwa sharti DJ aukate wimbo kabla ya sebene. Siku ya harusi akasahau. Gitaa lilipochangamka, hatua zetu zote zikayeyuka, mashangazi wakavamia ukumbi na khanga mkononi, na shemeji akaanza kunitunza noti za elfu mbili mbili.

Video ninayo, ila mke wangu kakataa niiweke.