Pwani ya Clare, Ayalandi: inatangazwa kuwa ya familia zote, lakini asiye na gari hafiki

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu jambo lenyewe limeniudhi kupita kiasi na najua si mimi peke yangu. Sisi tunaoishi Limerick na miji ya jirani tunaambiwa kila mwaka, majira ya joto yakikaribia, kwamba pwani ya Clare ndiko kwa kupeleka watoto. Mabango yamejaa picha za baba, mama na watoto wakikimbia mchangani Lahinch, wakitazama bahari kutoka kwenye magenge ya Moher, wakila aiskrimu Kilkee. Kuhusu uzuri wa mahali penyewe, picha hizo hazisemi uongo hata kidogo. Kinachofichwa ni kwamba familia ile imeshuka kwenye gari lake, na kwamba familia isiyo na gari, hata ikiwa na nauli mkononi na siku nzima ya mapumziko, itafika sehemu chache tu za pwani hiyo, na kurudi kwake kutakuwa kwa kubahatisha.

Julai iliyopita mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Ni mtu aliyekulia kando ya bahari, na hamu yake kubwa ilikuwa kuiona Atlantiki kabla hajarudi nyumbani. Tulipanda treni asubuhi hadi Ennis, tukaunganisha basi hadi pwani, na mpaka hapo sina lawama yoyote. Taabu ilianza wakati wa kurudi. Kituo tulichoelekezwa kilikuwa nguzo iliyochomekwa kando ya barabara. Hapakuwa na kibanda, hapakuwa na benchi, wala hapakuwa na njia ya waenda kwa miguu. Nyuma yetu palikuwa na ukuta wa mawe, mbele yetu magari yakipita karibu kiasi cha kupeperusha blanketi kwenye kigari cha mtoto, na karatasi ya ratiba iliyobandikwa kwenye nguzo ilikuwa imeingia maji hadi saa zenyewe hazisomeki. Ikaanza kunyesha ile mvua ya huku, nyembamba, isiyokatika. Basi lilipokuja, dereva aliinua kiganja kutuonyesha kwamba limejaa, akapita.

Mama akaniuliza, "Baba Salma, sasa linalofuata linakuja saa ngapi?"

Linalofuata lilikuwa la jioni, baada ya zaidi ya saa mbili, na hapakuwa na mtu wa kutuhakikishia kwamba nalo halitakuja limejaa vilevile. Tukaita teksi kutoka mji wa jirani, ikatutoza fedha nyingi kuliko tiketi zetu zote za siku hiyo. Kampuni ya basi sitaitaja, kwa sababu nikiitaja mjadala utageuka kuwa wa dereva mmoja na siku moja, wakati tatizo limejengwa ndani ya mpango mzima tangu mwanzo.

Nasema tangu mwanzo kwa sababu ndivyo ilivyo. Mwaka 2014 ilizinduliwa njia ya utalii iitwayo Wild Atlantic Way, yenye urefu wa takribani kilomita 2,500 kutoka Donegal kaskazini hadi Cork kusini, na tangu ilipobuniwa ilikusudiwa kuwa njia ya kuendesha gari. Vibao vyake vyenye alama ya wimbi vimewekwa kwa ajili ya dereva, na vituo vyake vya kutazamia bahari, ambavyo ni zaidi ya 150, vingi havina basi linalopita hata mara moja kwa siku. Fedha za umma ziliwekwa hapo. Swali langu ni hili: waliokaa mezani kupanga jambo hilo waliwahi kumfikiria mtu mwenye watoto wadogo na kigari, asiye na usukani?

Linaloniuma zaidi ni kwamba zamani usafiri ulikuwepo. Palikuwa na reli nyembamba iliyotoka Ennis, ikapita Ennistymon na Lahinch hadi Miltown Malbay mwaka 1887, na kufikia mwaka 1892 ilikuwa imefika Kilrush na Kilkee. Kwa miongo mingi watu wa Limerick na Ennis walikwenda baharini kwa treni pamoja na wazee, watoto na vikapu vyao, na Kilkee ikawa mji wa mapumziko wa watu wa Limerick hadi leo. Tarehe 31 Januari 1961 reli hiyo ilifungwa, miaka michache tu baada ya kuingizwa injini za dizeli. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba vijiji vile viko mbali mno au vina watu wachache mno. Vilikuwa na watu wachache wakati huo pia, na nchi ilikuwa maskini kuliko sasa, lakini mtoto wa kibarua aliweza kufika ufukweni kwa tiketi.

Ngoja niwaeleze tunachokikosa, msije mkadhani ninalilia kitu kidogo. Kilkee ina ghuba yenye umbo la kwato, imekingwa na mwamba wa Duggerna dhidi ya mawimbi makubwa, na upande wa magharibi wa ghuba hiyo kuna Pollock Holes, mabwawa ya asili katika miamba ambayo bahari huyafunika maji yanapojaa na kuyaacha wazi yanapokupwa, yakiwa na maji mapya kila mara. Sisi tuliokulia pwani tunalijua jambo hili tangu utotoni: unasubiri maji yatoke, unashuka miambani, unainama. Binti yangu alilala kifudifudi pembeni ya bwawa moja, akamwona kaa mdogo akijificha chini ya mwani, na bibi yake akachuchumaa kando yake kumwonyesha jinsi ya kumshika kwa nyuma ya gamba asimbane kidole. Hakuna kiingilio, hakuna foleni, na mtoto wa miaka minne anafurahi sawa na bibi wa miaka sitini. Kilkee inafikika kwa basi, nami naishukuru huduma hiyo jinsi ilivyo.

Lakini ukifika Kilkee, ndipo nchi inapoishia kwako. Mbele yako kuna rasi nzima ya Loop Head, ambayo kwa maoni yangu inazidi hata Moher, na mpaka mnara wa taa ulioko nchani ni zaidi ya kilomita 25. Mnara wa sasa ulijengwa mwaka 1854. Karibu nao bado yanaonekana maandishi makubwa ya mawe, EIRE, yaliyowekwa ardhini wakati wa Vita Kuu ya Pili ili marubani wajue kwamba wanapita juu ya nchi isiyofungamana na upande wowote. Njiani kuna Bridges of Ross, ambapo bahari ilichonga madaraja matatu ya mwamba na sasa limebaki moja tu, na kuna Carrigaholt, ambako mashua huwapeleka watu kuwatazama pomboo wa mlango wa mto Shannon, kundi la zaidi ya mia moja linaloishi katika maji hayo. Mtoto gani asiyetaka kuona pomboo? Sisi hatukupata basi la kutufikisha kwenye mnara huo. Kila mtu tuliyemuuliza alitujibu kwa upole, kisha akauliza gari letu tumeliegesha wapi.

Wengine watasema tutembee kwa miguu. Barabara za huko ni nyembamba, zina kona zisizoonyesha kinachokuja, na pembeni ni ukuta au kichaka. Hadi Februari 2025 kasi iliyoruhusiwa kwenye barabara ndogo za vijijini ilikuwa kilomita 80 kwa saa, kisha ikashushwa kuwa 60. Mimi sisukumi kigari cha mtoto mahali kama hapo. Ile njia ya miguu inayofuata ukingo wa magenge kutoka Doolin kwenda Moher nayo si ya watoto wadogo hata kidogo, kwani magenge yale yana urefu wa mita 214 pale yalipo juu zaidi, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilifungwa mwaka 2024 baada ya ajali zilizoua watu.

Sasa nijibu lile neno ambalo najua litaandikwa hapa chini kabla ya machweo: "Nunua gari, acha kulalamika." Ndugu zangu, mnajua vizuri hali ya leseni. Leseni ya Kenya au ya Tanzania haibadilishwi hapa kuwa ya Ayalandi. Mgeni anaruhusiwa kuitumia kwa muda usiozidi miezi 12, lakini ukishakuwa mkazi unaanza upya: mtihani wa nadharia, leseni ya kujifunzia, masomo ya lazima ya barabarani, kisha foleni ya mtihani wenyewe, ambayo mwaka 2025 ilifikia wastani wa zaidi ya wiki 20 wakati lengo rasmi ni wiki 10. Muda wote huo huruhusiwi kuendesha peke yako. Lazima kando yako akae mtu mwenye leseni kamili aliyoishika kwa miaka miwili au zaidi. Mtu aliyeendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kwa miaka mingi, tena akipita upande uleule wa kushoto unaotumika hapa, anarudishwa kuwa mwanafunzi. Akifaulu, anakutana na bima ya dereva mpya. Sipingi sheria za usalama barabarani. Ninachopinga ni kumwambia mtu huyo kwamba, mpaka amalize safari hiyo ndefu na ya gharama, watoto wake wasubiri kuiona bahari.

Neno la pili litakuwa: "Pandeni mabasi ya watalii." Yapo, na yanafaa kwa mgeni wa siku mbili. Safari ya siku moja kutoka Dublin kwenda Moher huchukua karibu saa 12, na nyingi ya saa hizo mtoto amefungwa mkanda kitini. Kwenye magenge mnapewa muda mfupi, kisha mnahesabiwa na kupakiwa tena. Mtoto mdogo anataka kukaa mahali pamoja na kuchimba mchanga mpaka achoke, na hilo halimo katika ratiba yoyote ya basi la watalii.

Tena hili si suala la sisi wageni tu. Mzee wa Kiayalandi aliyefikisha miaka 66 hupewa pasi ya kusafiri bure, lakini pasi hiyo inamsaidia nini pale ambapo basi halipiti? Kuna pia ndugu zetu wanaoomba hifadhi, wakiwemo waliotoka Kongo, waliopangiwa makazi katika miji midogo ya mashambani, ambao kwa miaka kadhaa posho yao imekuwa yuro 38.80 kwa wiki kwa mtu mzima. Mama wa aina hiyo anaweza kuwa anakaa kilomita chache kutoka ufukweni, akasikia upepo wa bahari dirishani, na likizo ya watoto ikaisha hajawapeleka hata mara moja.

Kuhusu vyoo nitasema kwa kifupi: katika ufukwe mmoja tulioufikia wikendi ya mwisho wa Septemba, siku ya jua, vyoo vya umma vilikuwa vimefungwa kwa kufuli. Mwenye gari humrudisha mtoto mjini kwa dakika kumi. Sisi tulifanyaje, nadhani hamhitaji kuelezwa.

Madai yangu ni madogo na yana bei inayojulikana. La kwanza, katika Julai na Agosti pawe na basi dogo la kuzunguka kutoka Kilkee hadi Carrigaholt, Bridges of Ross na mnara wa Loop Head, hata kama ni mara tatu kwa siku. La pili, mabasi ya pwani yapangwe kusubiri treni zinazofika Ennis, badala ya kuondoka kabla abiria hawajavuka uwanja wa kituo. La tatu, linapopita basi lililojaa, kampuni iwajibike kuwachukua waliobaki, hasa wenye watoto na wazee. Magenge ya Moher peke yake yalipokea zaidi ya watu milioni 1.5 mwaka 2019, na wengi wao hulipia kitu fulani katika eneo lile. Hakuna atakayenishawishi kwamba katika mapato hayo yote imekosekana bei ya mabasi madogo mawili.

Naandaa barua kwa madiwani wa Clare na kwa mamlaka ya usafiri, na sitaki iwe ya familia moja. Kama uliachwa na basi kando ya barabara katika pwani ile, niandikie hapa tarehe, saa, mahali uliposimama na idadi ya watoto uliokuwa nao. Msiandike majina ya madereva. Mkiwa na picha za nguzo za vituo na ratiba zisizosomeka, zitumeni pia. Barua naipeleka kabla ratiba za majira ya joto hazijatangazwa, kwa hiyo msichelewe.